Mafuta Machafu ya Mama Kasoki

Msomaji, tangu wiki iliyopita Injenieri Stéphane amesimama uani kwa Mama Kasoki, mkono juu, kichupa cha mafuta kikitazamana na jua. Mkono lazima umemuuma. Tuushushe.

Aliushusha. Akachomoa kikaratasi cha kupimia kilicholowa ndani ya kichupa, akakilaza kiganjani, akamsogezea Kasoki kama mtu anayeonyesha picha ya marehemu.

"Mama, hii mafuta haijakaranga ata andazi moja."

Kasoki hakuhitaji miwani. Mafuta yaliyochoka jikoni hukigeuza kikaratasi kile kuwa na rangi ya chai. Hiki kilikuwa cha njano safi, kama mtu aliyelala vizuri. Na katika mji mzima wa Sake hakukuwa na kitu kingine kilicholala vizuri.

"Pima pipa ingine," alisema.

"Nilisha pima sita."

"Pima ya saba, baba. Ata padri anasikiliza zambi zote mbele ya kukupatia malipizi."

Stéphane akapima la saba. Njano. La nane, njano. Kule milimani bomu likalia, likafuatwa na jingine, na hakuna aliyegeuza shingo. Mwanzoni mwa vita watu walikuwa wanakimbia. Baadaye wakawa wanainama tu. Sasa walingoja kelele iishe ndipo waendelee na sentensi.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita ajue hivi. Kasoki ni mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mjane, mwenye duka la sabuni na chumvi alilolifunga mara tatu kwa vita na kulifungua mara tatu. Yeye ndiye prezidante wa koperative ya wanawake wakaangaji. Mandazi, samaki, viazi: mafuta yakishachoka sufuriani, wao hawayamwagi tena mtaroni. Wanayakusanya, wanayachuja, na kampuni ya Stéphane inayapeleka ng'ambo kwenye fabrike ambako yanapikwa upya mpaka ndege inaweza kuyachoma na kuruka nayo. Usicheke, ndiyo dunia ilipofika.

Zamani yalikuwa mapipa manne kwa mwezi. Kisha kampuni ikasema: fabrike imekuwa kubwa, tunataka arobaini. Kasoki akajibu arobaini yatapatikana, kwa sababu tangu azaliwe hajui kumwambia mgeni kwamba chakula hakitoshi.

Leo arobaini yako juu ya Fuso, lori la dereva Straton. Na nane ya kwanza ni uongo.

"Iko mawese," Stéphane alisema. "Mawese mupya. Waliunguza ikapoteza rangi nyekundu, wakamwaga mu mapipa."

"Na kama iko mawese? Mawese si mafuta?"

"Mama, mafuta mupya inatoka mu shamba, na shamba inatoka mu pori. Wale wa fabrike wakisikia mawese ya Walikale iko ndani, watasema tunakata pori juu ya kunywesha ndege. Watatufuta. Haiko ya mwezi moja. Ya siku zote."

Alitoa fishi yake ya ripoti mfukoni, karatasi iliyokunjwa mara nne. "Saa tisa natuma hii. Niandike nini?"

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, msomaji, hakuna kingine: kabla ya saa tisa alasiri, koperative ibaki ama ifutwe. Wanawake sitini walikuwa wanakula kwa mapipa yale, na arobaini na watano kati yao walikuwa wamekimbia vita na kuacha mashamba Ngungu, kule milimani, maharage yakiwa bado na maua.

Emérita, jirani, alikuwa ameshafika na kikombe mkononi, anaomba chumvi. Ile chumvi ya Emérita, hakuna aliyewahi kumwona akiondoka nayo.

"Miye nilisema," alianza. "Wale watu wa kule mu milima..."

"Emérita, kikombe yako iko tupu?"

"Iko tupu, mama."

"Basi ijaze na unyamaze."

Lakini neno Walikale lilikuwa limeshamwingia Kasoki kama mwiba. Mawese ya Walikale yanafika Sake kwa njia nyingi, ila nyumbani kwake yanafika kwa mtu mmoja: Muhindo, mdogo wa marehemu mumewe. Na huyo hapo, anaegesha pikipiki langoni, matope mpaka magotini, siku tatu za barabara usoni.

"Shemeji, uliweka nini mu mapipa yangu?"

"Salamu kwanza, shemeji."

"Salamu tutapeana kesho. Uko mwizi!"

"Eh!" Muhindo alivua kofia, akawatazama watu wote uani, akairudisha kichwani. "Nimesukuma hii pikipiki tangu Walikale, barieri kumi na moja za askari, kila fasi wananiita mwizi. Nafika kwa ndugu, kumbe hii njo ya kumi na mbili."

"Jibu."

"Miye nauzisha mawese. Mwenye kununua akikunywa, akipaka ku nywele, hainihusu. Bidoni tisa nilipelekea Mama Mukandayisenga. Alisema ni ya mapipa yako. Nilizani weye njo ulimutuma."

 Kasoki angetajiwa mtu mwingine yeyote, angepiga kelele.

Mukandayisenga ndiye mkono wake wa kuume. Ndiye aliyewaleta wale wanawake wa Ngungu, mguu kwa mguu, siku mbili za mvua. Ndiye msimamizi wa kuchuja. Zamani, kwa mapipa manne, Kasoki alikuwa anachuja mwenyewe. Yalipokuwa arobaini alimpa Mukandayisenga kibanda, mapipa na vitambaa, akamwambia: fanya kama vile ungenifanyia miye.

Kibanda kiko nyuma ya duka, hatua themanini. Kasoki alizitembea kama mtu anayepanda kilima.

Mukandayisenga alikuwa ameinama, anakamua kitambaa juu ya ndoo, mafuta mpaka kwenye viwiko. Alipomwona alitabasamu kwa meno yote.

"Mama Prezidante! Injenieri amefurahi?"

Kasoki alitafuta hasira, akaikosa. Akakaa juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta.

"Mukandayisenga, dada yangu. Mawese ya Muhindo iko wapi?"

"Ilisha isha. Yote iko mu mapipa." Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayetaja kazi aliyoimaliza vizuri.

"Juu ya nini?"

"Ile mafuta ya wakaangaji ilikuwa mubaya, mama. Nyeusi, na mifupa ya samaki ndani. Tukaichuja mara mbili, tatu. Sasa ukichuja, inashuka. Pipa inabaki chini ya mudomo, hivi." Alionyesha kipimo cha kiganja. "Utapelekea mugeni chombo yenye haijae?"

"Ningepeleka."

"Weye uko wa Butembo," Mukandayisenga alisema kwa upole, kama anavyosamehewa mtoto. "Kwetu chombo yenye haijae inapelekwa kwa wafiwa tu. Ukiipelekea mutu muzima, unamuambia kwake kuna maiti. Na hii ni ndege, mama. Mule ndani kunapanda watu."

Kasoki alifumba macho.

"Nani alilipa bidoni tisa?"

"Kila mama alitoa mawese ya nyumba yake, yenye ilipunguka tukanunua, tukaiunguza iwe safi, tukajazia pale juu. Wiki mbili tunakula majani ya sombe bila mafuta. Haina shida. Tulisema koperative inakua, tusiipatishe haya."

Nje bomu lilianguka karibu kuliko yale mengine. Kitambaa kilidondosha tone moja kwenye ndoo. 

"Simama," Kasoki alisema. "Twende umuelezee Injenieri vile ulinielezea."

Walipofika, ua ulikuwa umejaa. Wakaangaji wa barabara kuu, wachujaji wa Ngungu, Muhindo na kofia yake, Straton dereva juu ya Fuso miguu ikining'inia, Emérita na kikombe chake. Nyumba ya Kasoki ilikuwa hivyo siku zote. Hata habari mbaya zilikuja na wageni wao.

Mukandayisenga akaeleza yote, mpaka sombe. Stéphane alisikiliza akiwa ameshika paji la uso.

"Mama," alisema mwishowe, "ndege inataka ile nyeusi."

"Yenye mifupa?" Mukandayisenga aliuliza.

"Mifupa utoe. Lakini nyeusi. Yenye imechoka. Kampuni inapenda machafu kupita safi, na machafu njo inalipiwa sana. Ndiyo maana watu wa kudanganya wanatia safi ndani na kuiita machafu."

 Kisha mwanamke mmoja wa barabara kuu akapasuka kicheko, na ua mzima ukamfuata.

"Kumbe tungewapelekea mutaro!"

"Bwana yangu njo angekuwa wa bei, haogi!"

"Injenieri, na miye nimechoka. Unanipeleka ng'ambo?"

Hata Stéphane alicheka, kidogo, kwa pua. Halafu akatazama saa, na kicheko kikamtoka usoni.

"Nawaamini," alisema. "Lakini kikaratasi haijui sombe. Fishi iko na musitari moja: mwenye kosa. Nikiuacha wazi, wanafuta koperative yote. Mukinipa jina moja, nitaandika mutu moja alikosa, ametoka. Wengine wanabaki."

Vicheko vikakatika.

"Andika yangu," Mukandayisenga alisema. "Miye njo nilisema tujaze."

"Si anakubali mwenyewe," Emérita alimnong'oneza jirani yake, kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani. "Aandikwe."

Kasoki alimsikia. Aliwasikia na wengine wawili waliosema "ndiyo" chini ya pumzi. Tangu vita hii ianze, kwenye kila barieri majina ya watu wa kule milimani, kama hawa wa Ngungu, yalikuwa yanatiliwa shaka na kusomwa mara mbili, na mara ya pili yalikuwa yanasomwa polepole. Jina la Mukandayisenga kwenye karatasi iliyoandikwa mdanganyifu? Karatasi hutoka mfuko mmoja ikaingia mwingine. Leo ni mafuta, kesho watasema sumu.

"Nipe kalamu," Kasoki alisema.

"Mama, weye hukujua kitu."

"Prezidante asiyejua, njo kosa yenyewe. Nipe."

Akaandika, herufi kubwa, asije akatokea wa kudai hakuweza kusoma: KASOKI ÉMILIENNE.

"Ukiandika hivi," Stéphane alisema taratibu, "hautaweka tena mukono ku karatasi yetu ata moja."

"Mukono umechoka, baba. Uache upumuzike."

Mukandayisenga aligeuka akatazama ukuta. Hakulia. Wanawake wa Ngungu walikuwa wamemaliza kulia mwaka jana.

Stéphane alipiga fishi picha kwa simu, akatuma. Saa nane na nusu. Baada ya hapo akapima mapipa yote, moja moja. Kumi na mawili yalikuwa meusi kweli, yale Kasoki aliyoyakusanya mwenyewe kwa wakaangaji wa barabara kuu. Hayo yaende leo, alisema, kabla njia haijafungwa. Yale ishirini na nane yashuke, na mwezi ujao wajaribu tena arobaini, bila heshima nyingi.

Wakayateremsha kwa magogo na kamba. Ishirini na nane ni mengi kwa mikono iliyokula sombe kavu.

"Sasa karatasi ya njia, ya kuonyesha ku barieri," Stéphane alisema. "Nani anaweka mukono? Prezidante mupya ni nani?"

Hapo msomaji ungedhani utakuwa ubishi. Haukuwa. Wa Ngungu walisema jina moja, na wa barabara kuu, kwa aibu ya minong'ono yao, wakalisema kwa nguvu zaidi:

"Mukandayisenga!"

"Miye?" alisema mwenyewe. "Mwenye kuharibu?"

"Weye njo unajua sasa chenye haifai kufanya," Muhindo alisema. "Sisi wengine tutaharibu upya."

Akaweka mkono. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda maharage. Straton akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akawasha Fuso. Stéphane alishatangulia kwa pikipiki.

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili Kasoki alikaa kwenye kiti chenye mgongo. Alikuwa amepoteza koperative yake, na koperative ilikuwa imepona. Alingoja uchungu uje. Ulichelewa. Kilichokuja ni usingizi.

"Teka mafuta mu hayo mapipa yenye yalishuka," aliagiza huku kope zikishuka. "Ile ya juu, safi. Mupike sombe. Leo watu wakule mafuta yao."

Sufuria ilikuwa haijachemka Straton alipoingia langoni kwa miguu, kandambili moja.

"Fuso iko wapi?" Kasoki aliuliza.

"Ku barieri."

"Mapipa?"

"Wameyateremusha." Alikaa juu ya pipa. "Waliniuliza nabeba nini, mama. Bunduki hapa." Aligusa shingo. "Nikasema kweli."

"Ulisema nini, Straton?"

"Mafuta ya ndege."

Mwiko ulisimama sufuriani.

Kwa miaka miwili Sake nzima iliyaita mafuta yale jina hilo, kwa majivuno. Kasoki mwenyewe aliyaita hivyo mbele ya kanisa, akawachekesha hata watawa. Na wiki hii ndege za vita zilikuwa zimepita mara tatu juu ya milima, zikaacha moto.

"Nilielezea," Straton alisema. "Nikasema ni ya mandazi, ya samaki. Wakanusa. Mukubwa wao anauliza ndege gani, ya nani. Anasema mwenye kuweka mukono ku karatasi aende kumuelezea kule juu."

"Na karatasi?"

 Straton aligeuka: gari lilikuwa limesimama langoni.

Walishuka wanaume wanne wenye bunduki. Nguo zao hazikusema ni wa upande gani, na siku hizo hakuna aliyeuliza. Mkubwa wao alikuwa mrefu, miwani ya jua, hatua za mtu aliyezoea kulala milimani. Karatasi ya njia ilikuwa mkononi mwake, imepata doa la mafuta.

"Karibu kwetu, papa," Kasoki alisema. Ulimi ulimtangulia, kama siku zote. "Chakula iko karibu kuiva."

 Mtu yule aliinua karatasi, akasoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili, polepole.

"Mu-ka-nda-yi-se-nga. Ni nani?"

Wanawake sitini wakatazama chini. Emérita alifungua mdomo, akatazama kikombe chake, akaufunga. Kasoki alisikia pumzi ya Mukandayisenga nyuma ya bega lake, anaanza kuinuka. Akapeleka mkono nyuma, akamsukuma paja, akae. Kisha akasimama yeye, magoti yakilia.

"Njo miye," Kasoki alisema. "Twende."

Mtu yule hakusogea. Alikunja karatasi, taratibu, akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, yamechoka kama ya watu wote uani pale, na chini ya ndevu kulikuwa na uso ambao Kasoki aliujua bila kujua ni wa wapi.

"Nilikula ku meza hii Noeli mbili," alisema. "Fufu na kuku, ukaniongeza bila kuniuliza niko wa nani. Unazani nilisahau?"

Akamkaribia mpaka harufu ya moshi ikamfikia.

"Mama Kasoki. Uliacha lini jina yako?"

Na nyuma ya Kasoki, kiti cha Mukandayisenga kikasogea.